Zamu ya Yule Anayesemwa

Rafiki yangu mmoja, msomaji mkubwa kunizidi, hazitaki kabisa riwaya za majirani. Anaziita umbea uliopigwa chapa. Kwa nini nitoe fedha, huniuliza, ninunue kitabu kinene ili nijue nani kaingia kwa nani usiku, nani hajalipa kodi, na mtoto wa ghorofa ya pili kafanana na nani? Nikae ngazini tu, nitayasikia yote bure. Tumebishana juu ya hili kwa miaka, na hoja yake si ya kupuuza, kwa sababu riwaya hizi kweli zinakula chakula kilekile kinacholiwa na umbea.

Vyote viwili vinaanzia mahali pamoja. Mtu amesikia nusu ya jambo kupitia ukutani, ameona kidogo pazia lilipopeperuka, na kichwa chake kimejaza palipobaki. Hapo havijatofautiana hata chembe. Vinaachana baadaye. Umbea ukishapata maelezo yanayoridhisha hutulia, ukahamia kwa mtu mwingine. Riwaya iliyoandikwa vizuri hupanda ngazi, ikagonga mlango wa yule aliyekuwa akisemwa, ikaingia na kukaa naye: anaamka saa ngapi, anadaiwa na nani, anaogopa nini, anampenda nani bila kusema. Anapata zamu. Katika umbea yule anayesemwa hana zamu kamwe, na siku akijitokeza kujieleza, maneno yake hugeuzwa kuwa kipande kingine cha umbea.

Ninalishikilia jambo hili kwa moyo wote kwa sababu niliwahi kuishi upande ule wa wanaosemwa, na ni wakati huohuo nilipozisoma riwaya hizi kwa mfululizo.

Tulipohamia jengo lile tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Ana kifafa, na wakati ule kilimjia zaidi akiwa usingizini au alfajiri akikaribia kuamka. Aliyekisoma kitabuni tu anaweza kudhani ni jambo la kimya. Mara nyingi huanza na mlio mkubwa, wa kutisha, ambao ukiusikia kutoka chumba cha pili utaapa kuna mtu anachinjwa. Mgonjwa mwenyewe hana habari nao. Misuli ya kifua hukaza yote kwa mpigo mmoja, hewa ikasukumwa kwa nguvu kupita kooni, basi. Baada ya hapo mwili unatetemeka, kitanda kinagonga ukuta, glasi inaanguka. Mimi nakurupuka, navuta meza isije ikamwumiza, namweka kitu laini chini ya kichwa, namlaza ubavu mwili ukianza kulegea, na muda wote namwita jina na kuhesabu dakika kwa sauti. Hesabu ile ilikuwa lazima, maana zikipita dakika tano bila kutulia ni kumkimbiza hospitali. Simshiki kwa nguvu wala simwekei kijiko mdomoni, kama wengi walivyofundishwa kimakosa. Lakini yote hayo yana kelele, na yalikuwa yakitokea usiku wa manane katika jengo ambalo jirani akikohoa unajua amelala upande gani.

Sasa fikiria majirani walikuwa na nini mkononi. Mlio wa mtu, vishindo, viti vinavyokokotwa, mwanamke anayeita jina la mwanamume kwa sauti ya hofu. Asubuhi yake kijana anashuka ngazi akiwa na jeraha juu ya jicho, ulimi umemvimba kwa kuwa ameuma, anatembea kama aliyelewa, maana uchovu wa baada ya kifafa unafanana sana na ulevi. Hafanyi kazi ya kueleweka. Hatufanani sura, mimi nimemfuata baba na yeye mama. Kutokana na vipande hivyo walishona hadithi iliyokamilika: kwamba yule si ndugu yangu, ni kijana ninayemfuga, mlevi, na usiku tunapigana. Mwingine aliongeza kwamba nilimkimbia mume kwa ajili yake. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo linakuja.

Siwezi hata kuwalaumu kwa kutunga. Vipande walivyokuwa navyo vilikaa vizuri katika hadithi waliyoichagua, na ningekuwa mimi ndiye ninayesikia mlio ule usiku wa manane ningehitaji maelezo ili nirudi kulala. Kilichoniumiza ni kwamba kila mtu alikuwa na maelezo na hakuna aliyekuwa na swali. Na mimi sikuweza kusema. Mdogo wangu alishawahi kufukuzwa kazi mara tu walipojua anaumwa nini, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote katika jengo lile jipya. Duniani wako watu takriban milioni 50 wenye kifafa, na wengi wao, kama asilimia 70, wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa. Hayo nayajua leo kwa ufasaha kwa sababu niliyasoma na kuyarudia. Lakini usiku ule takwimu hazikunisaidia kitu. Siri haikuwa yangu.

Basi baada ya kila tukio yeye angelala usingizi mzito mpaka saa za asubuhi, nami usingizi umeniruka, nikiketi karibu na kitanda chake na kusoma. Ndivyo nilivyoingia katika nyumba za watu wengine.

Cha kwanza kilikuwa riwaya ya Alaa Al Aswany iliyotoka mwaka 2002, yenye jina la jengo halisi lililoko Cairo, Yacoubian. Mwandishi ni daktari wa meno, na kliniki yake ya kwanza ilikuwa ndani ya jengo hilohilo, kwa hiyo alikuwa akiijua ngazi ile kwa miguu yake. Katika riwaya, ghorofa za chini wanakaa wenye nafasi zao: mwana aliyezeeka wa pasha (mkubwa wa enzi za ufalme), tajiri anayetaka ubunge, mhariri wa gazeti. Juu ya dari kuna vyumba vidogo vya chuma, zamani vya kuwekea vitu, ambavyo sasa vimekuwa makazi ya familia maskini. Sehemu zake ni fupifupi. Unamwacha mtu katikati ya jambo, unashuka kwa mwingine, unapanda tena.

Aliyenishika ni Taha, kijana wa bawabu. Anasoma kwa bidii, ana ndoto ya kuwa afisa wa polisi, anapasi mitihani, kisha kwenye usaili anaulizwa kazi ya baba yake na mlango unafungwa palepale. Kuanzia hapo anaelekea msikitini, kwenye maandamano, kwenye mateso ya kizuizini, na mwisho kwenye bunduki. Ukiwa mpangaji wa jengo lile ungesikia habari moja tu: mtoto wa bawabu amekuwa gaidi. Ungetikisa kichwa na kufunga dirisha. Msomaji amekuwepo kwenye ule usaili, ameona jinsi sauti ya mzee anayeuliza ilivyobadilika, na hawezi tena kutikisa kichwa kwa urahisi. Hakuna mahali mwandishi anasema Taha alifanya vyema. Anatuweka tu chumbani mwake.

Niliirudia sehemu ya usaili mara kadhaa. Mdogo wangu alikuwa amelala pembeni yangu, mtu aliyeulizwa swali moja ofisini na maisha yake yakageuka.

Baadaye nilipata ya Gloria Naylor, The Women of Brewster Place, ya mwaka 1982, iliyompa mwandishi huyo Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani kwa riwaya ya kwanza. Wanawake saba, mtaa mmoja uliozibwa na ukuta wa matofali mwishoni. Asiyeisoma anisamehe, nitalazimika kusema yanayotokea. Sura moja inawahusu Lorraine na Theresa, wanawake wawili wanaoishi pamoja kama wapenzi. Jirani mmoja, Sophie, kazi yake ni kuchungulia dirishani na kusambaza. Theresa amejenga gamba, hajali. Lorraine anajali sana. Anatamani kusalimiwa, anatamani kuwa sehemu ya watu, anaenda hata kwenye mkutano wa wapangaji akidhani ataweza kuchangia, na hapohapo mbele ya watu wote Sophie anamgeukia. Wa kumtetea hawazidi wachache. Rafiki pekee anayempata ni Ben, mzee mlevi anayetunza jengo. Na mwisho wa Lorraine ni wa kikatili kiasi kwamba nilikifunga kitabu nikakiweka mbali kwa siku nyingi: genge la vijana linamshambulia na kumbaka kichochoroni, na asubuhi, akili yake ikiwa imeshavunjika, anampiga kwa tofali mtu wa kwanza anayemkaribia. Mtu huyo ni Ben.

Hapa ndipo wazo langu la zamu lilipotikisika, na nashukuru lilitikisika. Nilikuwa nikijiambia kwamba riwaya inamtendea haki anayesemwa kwa kumpa nafasi ya kusema. Lorraine alipewa nafasi hiyo. Mimi msomaji nilimsikia, nilimjua, nilimpenda. Lakini alisema mbele yangu mimi, mtu niliye mbali, ambaye siwezi kumfungulia mlango. Sophie hakuisoma sura ile. Hakuna jirani hata mmoja wa Brewster Place aliyeisoma. Zamu aliyoipata Lorraine haikumfikia mtu yeyote aliyeweza kumsaidia.

Rafiki yangu nilipomwambia hilo aliruka kwa furaha. Unaona, akasema, riwaya inakupa raha ya kuwa mwema bila gharama. Unalia na Lorraine, kisha unapishana na jirani yako ngazini huku umeinamisha macho. Ni pigo zuri, na lina ukweli. Niliwafahamu wasomaji katika jengo letu. Mmoja wao, mama wa makamo wa chumba kinachotazamana na chetu, alikuwa akibeba vitabu vya aina hii kila wiki, na ndiye aliyekuwa na maelezo kamili kuliko wote kuhusu mimi na kijana wangu. Kusoma kwake hakukumfikisha mlangoni kwetu.

Aliyefika mlangoni alikuwa bibi mmoja wa chumba cha chini yetu, ambaye sikuwahi kumwona na kitabu. Dari yake ndiyo iliyokuwa sakafu yetu, hivyo kama kuna mtu alikuwa na haki ya kulalamika ni yeye. Alikuja mchana, akakataa kuketi.

"Mwanangu," alisema, "usiku kukiwa na mambo, nipande au nisipande?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali la namna hiyo. Nilikuwa nimejiandaa miezi mingi kwa maswali mengine, yule ni nani wako, kwa nini anapiga kelele, na nilikuwa na majibu ya uongo tayari. Hili halikuhitaji uongo. Nikamwambia, "Usipande bibi, ila ukisikia nimegonga sakafu kwa mguu, tafadhali nitafutie gari." Akaitikia, akashuka zake. Hakuuliza gari la kwenda wapi.

Alitafuta gari mara mbili katika muda tuliokaa pale. Kila mara alisimama chini akiwa amejifunga khanga, akamwambia dereva aendeshe taratibu, akarudi ndani. Ni mdogo wangu mwenyewe, baadaye sana, aliyeshuka na kumweleza anaumwa nini. Bibi alimjibu kwamba alishadhani hivyo, marehemu dada yake alikuwa nacho. Kumbe kwa muda wote ule alijua, au alikaribia kujua, na akaacha aambiwe kwa wakati wa mwenyewe.

Ni baada ya bibi yule nilipoielewa riwaya ya Fredrik Backman kuhusu mzee Ove, ile ya mwaka 2012 kutoka Sweden iliyosambaa dunia nzima na kuchezwa filamu nyumbani kwao na baadaye Marekani. Niliwahi kuianza nikaiona nyepesi. Ove ana miaka 59, mkewe amekufa, kazini wamemwachisha, na ameamua kujiua. Kila akijiandaa, jirani anatokea na shida: gari lenye tela limeingia pasiporuhusiwa, mtu ameanguka kutoka kwenye ngazi anatakiwa kupelekwa hospitali, mama mjamzito anataka kufundishwa kuendesha gari. Mama huyo, Parvaneh, ndiye roho ya kitabu. Kwa sehemu kubwa ya hadithi hajui alichokatiza. Anajua tu kwamba huyu mzee mkali ana mikono inayoweza kutengeneza vitu, na anaendelea kumpa vya kutengeneza.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni bahati za kubuni, mwandishi anapanga watu wagonge mlango kwa sekunde inayohitajika. Bado naona zimezidi. Lakini chini ya bahati hizo kuna jambo alilolifahamu vizuri kuliko waandishi wenye heshima zaidi. Kitabu kinakaa karibu na Ove tangu mwanzo hadi mwisho. Zamu yote ni yake, sisi tunajua kila kitu kuhusu mkewe, kuhusu baba yake, kuhusu ugomvi wa miaka mingi na rafiki yake Rune. Majirani hawajui karibu lolote, na wanamwokoa hivyohivyo. Hawasubiri maelezo. Bibi wa chini naye hakusubiri. Aliuliza kazi yake ni ipi, akaambiwa, akaifanya.

Kwa hiyo nilirudi kwa rafiki yangu na jibu lililobadilika kidogo. Nilimwambia riwaya ya majirani haina uwezo wa kukupa habari za jirani yako. Yule wa kitabuni kapewa sura, wako hajapewa na pengine hataki kupewa. Inachoweza kufanya ni kukuzoesha kuishi na hadithi isiyokamilika bila kuimalizia mwenyewe. Msomaji wa Yacoubian amefundishwa, kurasa baada ya kurasa, kwamba kila alipomhukumu mtu kwenye sehemu moja, sehemu iliyofuata ilimfanya asite. Ukisitishwa hivyo mara nyingi, kusita kunaweza kukaa mwilini. Kunaweza tu, yule mama wa chumba kinachotazamana na chetu ni ushahidi kwamba si lazima.

Na si kila riwaya ya aina hii inafundisha kusita. Nazipenda zile za Alexander McCall Smith kuhusu jengo la 44 Scotland Street kule Edinburgh, alizoanza kuzitoa kila siku katika gazeti la The Scotsman mwaka 2004. Alifuata nyayo za Armistead Maupin, ambaye tangu 1976 alikuwa akiwaandikia wasomaji wa San Francisco habari za wapangaji wa nyumba moja katika gazeti lao. Hadithi inayotoka gazetini kwa vipande inazaa ujirani wa aina yake, maana wasomaji wote wanakisoma kipande kilekile asubuhi ileile na kubishana juu ya watu ambao hawapo. Katika jengo lile la Edinburgh yumo mtoto Bertie, mwenye akili nyingi, ambaye mama yake Irene anamlazimisha Kiitaliano na saksafoni wakati yeye anataka kucheza na wenzake. Wasomaji wanampenda Bertie kupita kiasi na wanamchukia Irene. Mimi ninapozisoma naona mwandishi naye amejiunga nao. Irene anasemwa, anasemwa, anasemwa. Karibu kila mtu katika jengo lile anapewa huruma, hata kijana anayejipenda kwenye kioo, lakini nimefuata vitabu kadhaa nikisubiri ukurasa utakaonikalisha na mwanamke yule peke yake usiku, nijue alikuwa akikimbia nini hata akataka mtoto wake awe kila kitu kwa mara moja. Sikuupata ule niliokuwa nikiutaka. Vinachekesha, vina upole mwingi, na hapo kwa Irene vinakuwa ngazi ya jengo letu la zamani.

Kitu kingine kinachonisumbua ni miisho. Riwaya nyingi za majirani zinapenda kuwakusanya wote mahali pamoja mwishoni, harusi, mazishi, sherehe ya uwanjani, na waliokuwa hawasalimiani wanasalimiana. Naelewa kishawishi hicho. Umefungua milango mingi, lazima uifunge, na kuifunga yote kwa siku moja ni rahisi kuliko kuifunga mmojammoja. Naylor alilijua hilo, na alichofanya bado nakitafakari. Mwishoni wanawake wa Brewster Place wanakusanyika kwenye sherehe ya mtaa, wanaona damu kwenye matofali ya ule ukuta, wanaanza kuyabomoa kwa mikono, kwa visu, kwa chochote, mpaka mvua inanyesha na ukuta unaanguka. Halafu Mattie, mmoja wa wale wanawake saba, anaamka. Ilikuwa ndoto. Sherehe yenyewe ndiyo kwanza inaanza kupangwa chini na ukuta uko palepale. Ametupa mkusanyiko tuliokuwa tukiutamani na katika pumzi ileile akatuonyesha kwamba haujatokea. Lorraine hakuupata.

Sisi pia hatukuupata. Tulihama jengo lile bila mtu yeyote kutuomba radhi na bila hadithi yao kusahihishwa. Nadhani wapo wanaoisimulia mpaka leo, kijana mlevi na yule mwanamke wake, na wanaamini. Zamani wazo hilo lilinikosesha usingizi kuliko kifafa chenyewe. Siku hizi dawa imepata kipimo chake, mdogo wangu amekaa muda mrefu bila kuanguka, tunaishi mbali na pale, na yule bibi ndiye mtu pekee wa jengo lile ambaye bado tunampigia simu.

Haya yote nimeyaandika kwa ruhusa yake, mdogo wangu. Nilimpa ayasome kabla ya mtu mwingine, akafuta sentensi mbili zinazomhusu, na nikaziacha zimefutika. Kisha nikamwuliza yeye angesema nini, maana nimepiga kelele kuhusu zamu ya anayesemwa na hapa tena mimi ndiye ninayesema kwa niaba yake.

Alisema hakuwa akiumizwa na umbea kama nilivyoumia mimi. Kilichomuudhi yeye ni watu kunyamaza ghafla akishuka ngazi, wakasubiri apite. Alisema riwaya nilizokuwa namwekea kitandani alizisoma karibu zote, na aliyempenda zaidi ni Ove kwa sababu hataki kuulizwa ulizwa. Halafu akanipa lalamiko ambalo sijapata kitabu cha kulijibu. Katika vitabu, alisema, mtu mwenye ugonjwa akipewa sura yake, sura nzima inakuwa ugonjwa: anaanguka, anaeleza, wenzake wanajifunza kitu, kitabu kinasonga mbele. Yeye angependa kusoma habari za jirani mwenye kifafa ambaye shida yake kubwa mwanzo hadi mwisho ni kwamba bomba la jikoni linavuja, mwenye nyumba hapokei simu, na msichana wa ghorofa ya tatu amekubali kutoka naye Jumamosi lakini hana shati.